Mshirika wa Kuomba Ruhusa

Wifi yangu hakupenda kuitwa mfanyakazi. Ukitaka akununie mpaka jioni, mwambie mbele za watu kwamba ameajiriwa pale kwa dobi. Alikuwa anakusahihisha polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma: yeye hakuajiriwa na mtu, yeye ni mshirika. Kisha anaweka mkoba wake vizuri begani na kukuacha hapo na ujinga wako.

Neno hilo hakulitunga yeye. Lilitungwa na mwenye biashara, mwanamume ambaye wifi angeweza kumzaa, apendaye mashati meupe, ambaye alipiga marufuku kuitwa bosi na badala yake akajiita Mkurugenzi. Mahali penyewe ni ukumbi mmoja mrefu nyuma ya kituo cha mafuta. Upande mmoja zimepangwa mashine za kufulia, katikati kuna meza za kukunjia, na mwisho kabisa, chini ya feni iliyokufa zamani, kuna mashine kubwa ya kunyooshea mashuka ya hoteli. Ina rola mbili za chuma zenye moto, shuka linaingia limekunjamana upande huu na kutoka limenyooka upande ule. Wifi ndiye aliyekuwa anaiendesha.

Mwaka alioingia, Mkurugenzi aliwakusanya wanawake wote akawaambia kwamba pale hakuna mkubwa wala mdogo. Kila mmoja ni fundi anayejitegemea. Wao wamekuja na ujuzi wao, yeye kaja na mashine zake, basi wameshirikiana. Wakapewa mkataba wasaini. Wengi walisaini bila kusoma. Wifi aliusoma wote, tena mara mbili, ndiyo maana alifurahi kuliko wenzake.

Na msimcheke. Wifi yangu alipelekwa kufanya kazi za nyumbani kwa watu angali binti mdogo wa kubebeshwa watoto wa wenzake. Katika nyumba moja kulikuwa na kengele juu ya meza ya chakula. Ikilia, anakuja. Hawakuwahi kujishughulisha kumwita jina. Aliponisimulia habari hiyo, siku chache baada ya mimi kuolewa na kaka yake, aliniapia kwamba hatakuwa tena mtumishi wa mtu. Sasa fikiria mtu huyo anaambiwa na mwenye shati jeupe kwamba yeye ni mshirika. Alivishwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa, akajitazama kwenye kioo, akaona kimempendeza.

Mimi ni mpishi wa shule. Nimeajiriwa, na wala sioni haya. Nikiungua jikoni, mwalimu mkuu anasaini karatasi, nakwenda kutibiwa, na nikirudi masufuria yangu yako palepale. Wifi, tunayeishi naye nyumba moja, alikuwa akinitania kwa hilo. Ananiambia mimi nikiambiwa pika, napika, sijui raha ya kujiamulia. Namjibu kwamba raha gani hiyo ya kurudi nyumbani miguu imevimba kama ya mjamzito. Tunacheka mpaka mume wangu anatoka nje kutafuta utulivu.

Lakini chini ya utani huo damu ilikuwa inanichemka, kwa sababu macho ninayo. Huyu mshirika alitakiwa awe amesimama mlangoni na aproni ya bluu yenye jina la biashara kabla mlango haujafunguliwa. Akichelewa, siku hiyo hapewi mashine. Aproni alijinunulia mwenyewe, maana mshirika havishwi, lakini rangi hakuichagua. Kupumzika ni kwa zamu aliyoipanga Mkurugenzi. Jumapili moja alimnyooshea jirani yetu vitambaa vya meza, nyumbani, kwa pasi yake mwenyewe. Habari zikafika. Mkurugenzi akamsimamisha kazi kwa kosa la kumwibia wateja. Fundi anayejitegemea kamwibia nani mteja? Nilipomuuliza hivyo, wifi alisema mimi sielewi mambo ya biashara.

Kuna siku aliamka ana homa kali. Shule zilikuwa zimefungwa, akaniomba niende badala yake, kwani pasi naijua, na kama yeye ni mshirika kweli, kinachotakiwa ni mashuka yanyooke, si kuulizwa mikono ni ya nani. Nikavaa aproni yake, nikaenda. Mkurugenzi alinisimamisha getini. Akaniambia anamtaka yeye, hataki ndugu zake, na kama hawezi kusimama basi nafasi yake wapo wanaoitaka. Nilirudi nimevimba kwa hasira. Wifi, amejifunika mpaka kidevuni, akaniambia Mkurugenzi ana utaratibu wake. Nikamuuliza wa kwake yeye uko wapi. Akageukia ukutani.

Sasa ile mashine ya mashuka ina fimbo mbele ya rola, ukiigusa tu kila kitu kinasimama. Iliwekwa kulinda mikono. Fimbo hiyo iliharibika. Wifi alimweleza Mkurugenzi, akajibiwa kwamba fundi wa mashine ataitwa. Alipomkumbusha, akaambiwa mashine ni mali ya kampuni, mtu asiguse hata skrubu. Hoteli zilikuwa zimejaa wageni, mashuka yalikuwa yanakuja kwa malori. Fundi hakuitwa. Asubuhi moja shuka liliingia limejikunja pembeni, wifi akanyoosha mkono kulitengeneza kama alivyozoea, na rola ikauvuta mkono wa kulia pamoja na shuka.

Mwenzake mmoja, mkunjaji, ndiye aliyekimbilia swichi ukutani. Mimi nilipata habari nikiwa jikoni shuleni na nikafika hospitali na aproni yangu mwilini.

Daktari alikuwa binti mdogo lakini anaongea mambo yakaeleweka. Alisema ngozi ya kiganja na vidole imeungua kwa ndani sana, na kano zimeumia. Wao wamesafisha na kufunga, ila anahitaji upasuaji katika hospitali kubwa, abandikwe ngozi mpya, na hilo lifanyike mapema. Likichelewa, kovu litavivuta vidole vijikunje na vibaki hivyo. Akatutuliza kwamba kwa kuwa ameumia kazini, mfuko wa fidia ya wafanyakazi utalibeba jambo hilo. Mwajiri aripoti tu ajali. Kwa uwezo wetu wa nyumbani, upasuaji ule tungeusikia redioni. Kwa hiyo mkono wa wifi ulikuwa umebaki unategemea kitu kimoja: Mkurugenzi aripoti.

Alikuja kesho yake na mfuko wa machungwa. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, akashusha sauti.

"Mama, pole sana. Lakini kuripoti siwezi. Nikiripoti nitakuwa nimeidanganya serikali. Ule mfuko ni wa wafanyakazi, na wewe hujawahi kuwa mfanyakazi wangu. Wewe ni mshirika."

Na wifi yangu, amelala pale, mkono umefungwa bandeji, mkubwa kama mto, akatikisa kichwa kukubali. Nilimuuliza huyo bwana kama na maumivu wameshirikiana, nusu achukue yeye. Akasema anauelewa uchungu wangu. Hakuwa anauelewa. Machungwa yake niliyagawa wodi nyingine, maana hayakuwa na kosa.

Wifi aliporuhusiwa kutoka, nilimkokota mpaka ofisi ya kazi. Tulipokelewa na afisa kazi, mama mtu mzima mwenye miwani, chumba chake kimejaa mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni. Alinisikiliza mimi mpaka mwisho, kisha akasema jambo lililonipa moyo: mkataba unaweza kumwita mtu jina lolote, yeye anatazama kazi inavyokwenda. Nani anapanga muda, vyombo ni vya nani, kama mtu anaweza kutuma mwingine, kama anaweza kufanya kazi za wengine. Nilitaka kumkumbatia. Akamwita Mkurugenzi aje siku nyingine tukae pamoja.

Siku hiyo Mkurugenzi alikuja na mkataba wake ndani ya bahasha ya nailoni. Afisa hakuutazama kwanza. Alimgeukia wifi akamuuliza kazini nani anampangia kazi.

Wifi aliketi wima. Mkono wenye bandeji aliuweka mapajani, mwingine juu ya mkoba.

"Hakuna anayenipangia," akasema. "Najipangia mwenyewe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Afisa alimtazama juu ya miwani, akamuuliza na siku asipotaka kwenda inakuwaje. Wifi akajibu kwamba haendi. Mkurugenzi alikuwa anatazama viatu vyake, kwa adabu kabisa, lakini shavu lilikuwa linamcheza. Afisa akaandika. Kisha akafunga faili, akasema tutarudi wiki inayofuata, na akamwambia wifi taratibu akatulie, afikiri vizuri, kwani yeye anaandika anachoambiwa.

Kwenye ngazi za ile ofisi nilishindwa kujizuia. Nilimwambia amejichinja kwa kisu chake mwenyewe. Watu walikuwa wanapanda na kushuka, sikujali. Yeye alinisubiri nimalize.

"Ulitaka nisemeje, wifi? Kwamba mimi ni mtumishi wa yule mtoto? Na yeye kakaa pale ananisikiliza?"

Nilimkasirikia yeye, kisha hasira ikanihama ikamwendea Mkurugenzi yote, na huko ndiko iliko hadi leo. Maana angemwibia kitu, tungekitafuta. Yeye alimpa kitu cha uongo, na sasa wifi alikuwa anakilinda kwa vidole vyake. Yule bwana alijua. Ndiyo maana alitazama viatu.

Wiki ile nilizunguka kwa wenzake nikiomba mtu aje atoe ushahidi. Mlango baada ya mlango, waliniambia pole, wakaniuliza hali ya mgonjwa, wakasema wao hawakuona kitu. Siwalaumu sana, wana watoto, na aproni zao bado zilikuwa zinaning'inia kule. Yule mkunjaji aliyezima mashine hakunikaribisha hata ndani. Alinishika mkono palepale kizingitini.

"Dada, mimi usinitaje. Lakini muulize wifi yako habari za kijiko."

Nilimuuliza jioni hiyo, tukiwa tunabadilisha bandeji. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeshaanza kuinama. Alieleza huku anatazama beseni. Kwenye ukuta, pembeni ya meza ya Mkurugenzi, kulikuwa na kijiko kikubwa cha mti. Kimoja tu. Mtu akibanwa na haja, anakwenda kukiomba, anaulizwa kama hawezi kusubiri, akipewa anatembea nacho mbele ya watu wote mpaka chooni na kukirudisha. Kikiwa nje, wengine wanasubiri. Mkurugenzi alisema ni ili mashine zisibaki bila mtu. Miaka yote hiyo wifi hakuwahi kunigusia. Mimi na domo langu lote, ninayejua hata anaota nini, sikuwa najua kwamba mwanamke aliyenizidi umri anaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Sikumwambia aseme wala asiseme. Nilifunga bandeji.

Siku ya kikao cha pili Mkurugenzi alikuwa na raha. Alitoa mkataba, akaonyesha saini, akasema zaidi ya hayo, mama mwenyewe alishatamka wiki iliyopita kwamba anajipangia. Afisa akamuuliza wifi kama ana la kuongeza. Nilijiuma ulimi. Wifi alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Naomba nibadilishe nilichosema. Mimi nikitaka kwenda chooni, namwomba huyu ruhusa."

Mkurugenzi aliingilia kwamba huo ni utaratibu tu wa usalama, kila mahali upo. Wifi hakumgeukia. Alikuwa anaongea na afisa peke yake, kwa sauti ya kawaida.

"Ananipa kijiko. Kikiwa kwa mwenzangu, nasubiri. Siku moja nilisubiri nikashindwa. Nina wajukuu, mama. Nikarudi nyumbani sketi imelowa, nikawaambia ni maji ya kufulia. Huyu wifi yangu alicheka, akasema na mimi nimefuliwa."

Nilikumbuka siku ile. Nilikumbuka na sketi yenyewe, ya maua ya njano.

"Niliona aibu kusema," akaendelea. "Kusaini kwamba mimi ni mshirika ilikuwa raha, kwa hiyo nilinyamazia mengine yote. Lakini mtu anayejitegemea hamwombi mwenzake ruhusa ya mkojo. Andika mimi ni mfanyakazi wake. Andika hivyo hivyo."

Afisa aliweka kalamu chini. Akamgeukia Mkurugenzi.

"Na wewe, ukibanwa, hicho kijiko unakiomba kwa nani?"

Mkurugenzi akasema yeye ile ni ofisi yake.

"Basi," afisa akasema, akaichukua kalamu.

Nami nikaeleza nilivyorudishwa getini siku ya homa, na habari za vitambaa vya meza, na fimbo iliyoharibika. Mkurugenzi alisema alikuwa analinda ubora. Shati lake lilikuwa limeshikana na mgongo.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo, tukaenda hospitali. Hayakuishia. Mkurugenzi alikuwa na haki ya kujibu kwa maandishi, akaitumia yote mpaka siku ya mwisho. Akajibu nusu. Akaomba muda, anamtafuta mwanasheria. Mwanasheria akapatikana, akawa safarini. Akarudi, Mkurugenzi akaugua mgongo. Mgongo! Na kila tulipoahirishiwa, tulirudi nyumbani tukafungua bandeji, tukaona kidole kingine kimekifuata kile cha mwisho. Kovu halikuomba muda kwa mtu. Afisa mwenyewe alikuwa anatupigia simu kutupa pole, sauti yake imechoka. Mimi nilikuwa naikunja na kuikunjua mikono yangu jikoni kama mwendawazimu, nikiwaza kwamba mwanamume mzima anakaa mahali, anakunywa chai, na kila siku anayoivuta anajua inavuta nini.

Uamuzi ulisomwa mwishowe. Maneno yalikuwa mengi, lakini maana yake ni kwamba wifi yangu alikuwa mfanyakazi tangu siku ya kwanza, mkataba umwite jina utakalo, na mwajiri aripoti ajali mara moja. Katika ujia wa ofisi Mkurugenzi alitufuata, uso umemlegea, akasema haya yote tungeweza kuyamaliza kifamilia. Wifi alikuwa anajaribu kufunga zipu ya mkoba kwa mkono wa kushoto. Hakuinua kichwa.

"Ripoti kwanza," akamwambia.

Aliripoti. Upasuaji ulifanyika, wakachukua ngozi ya paja wakaibandika. Daktari mpasuaji alikuwa mtu mwema, akatuambia ukweli bila kuuzungusha. Angeletewa mgonjwa katika zile wiki za mwanzo, vidole vyote vingenyooka. Sasa ameokoa dole gumba na cha shahada. Vingine vitatu vimebaki vimejifunga ndani ya kiganja na havitatoka.

Watu wanakuja nyumbani kutupongeza. Wenzake wa kule nao wanakuja siku hizi, mmoja mmoja, wakielekea ofisi ya kazi au wakitoka, na wanamwita wifi shujaa. Wanasema kijiko kimeondolewa ukutani. Wanasema pia kwamba wapya wanaoingia hawaitwi tena washirika, Mkurugenzi anawaita wanafamilia. Nikasikia hivyo nikainuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni napita chumbani kwa wifi kumfunga vifungo vya blauzi. Anainua kidevu na kutazama dirishani mpaka nimalize. Hatutaniani wakati huo. Juzi nilikuwa nimechelewa, masufuria yananisubiri, na vidole vyangu kwa haraka vikawa vinateleza kwenye kifungo cha juu. Aliona. Akaniambia, "Samahani wifi, nakuchelewesha." Ameshaniomba samahani asubuhi ngapi sijui, yeye, kwa mkono ule. Yule mwenye mashine mpaka leo hajaomba hata moja.